Choo cha Serikali Mbili

Mtaro wa Kaplelmet ulijengwa wakati wa vita vya Wajerumani, na fundi Mhindi aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Kwa miaka karibu ishirini uliteremsha uchafu wa maduka, wa bucha na wa vyoo mpaka mtoni, na katika miaka kumi ya mwisho uliushusha pale ulipopenda wenyewe. Mizizi ya mikaratusi ilikuwa imepenya kati ya matofali. Mvua za Aprili zikianza, mtaro ulifumuka hapa na pale, na watu wa laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa kiwanda cha chai, waliruka madimbwi wakienda kazini, wameziba pua kwa mikono ya makoti.

Haukutengenezwa kwa sababu ulikuwa na wenyewe wawili. Juu ya barabara ya Litein palikuwa mji, na mji ulitawaliwa na Kamati: masetla watatu wa Kizungu, Mhindi mwenye duka la nguo, na mwenyekiti wao aliyeitwa Bwana Meja. Chini ya barabara palikuwa rizavu, ardhi iliyotengewa wenyeji, na rizavu ilikuwa na Baraza la Wenyeji, wazee wa Kipsigis ambao msemaji wao alikuwa arap Maritim. Kamati ilisema mtaro umeharibikia chini. Baraza likasema uchafu unatoka juu. Yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo sababu barua ziliandikwa miaka sita bila mtu yeyote kudanganya.

Kila upande ulikuwa na choo chake cha mabati, cha Kamati juu na cha Baraza chini. Vilikuwa vyoo vibaya. Lakini watu wa laini, ambao wengi walikuwa Wakisii na Wajaluo waliofuata kazi ya chai, hawakuwa na neno navyo.

Bilhah aliujua mtaro huo kuliko wakubwa wote. Mumewe, Gekara, ndiye aliyekuwa akiuzibua, leo ameitwa na Kamati, kesho na Baraza, na Bilhah alimfuata na sururu na ndoo. Gekara alikufa kwa homa ya mapafu mwezi wa sita, mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na tano. Sheria ya laini haikuwa na mafumbo: chumba ni cha mwenye kazi, na mjane anapewa mpaka mwisho wa mwezi unaofuata.

Shemeji yake Ongeri alikuja kutoka Kisii kwa matanga. Alikuwa mtu mpole mwenye wake wawili, na alipokwisha kulia alimwambia Bilhah kwamba nyumba ya tatu iko tayari, imebaki kuezekwa. Bilhah alikuwa Msabato aliyebatizwa, na katika imani yake mke wa tatu hayuko, wala wa pili. Hakubishana. Alisema ataomba kwanza. Ongeri akasema kuomba ni kuzuri, ila yeye nyasi za kuezekea amekwisha kuzikata.

Basi kama Bilhah angepata kazi yenye chumba, angebaki na ubatizo wake. Kama asingepata, angekwenda kwa Ongeri.

Kazi ilikuja kwa njia ya umoja. Miaka miwili nyuma alikuwa ameletwa kijana kutoka Nairobi, Bwana Afya, ambaye hakujua Kiswahili isipokuwa cha kuamrisha. Aliutazama mtaro, akatapika, kisha akaziandikia Kamati na Baraza kwamba zitakaa meza moja zitake zisitake. Zikakaa. Zilikaa miezi kumi na minne. Mwishowe kampuni ya chai ikatoa saruji, Kamati ikatoa mafundi, Baraza likatoa watu wa kuchimba na kubeba mawe, na mabomba ya saruji yakapita chini ya barabara kama sindano ndani ya kitambaa, mpaka kwenye tangi kubwa lililofunikwa. Lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu, na Bilhah alishukuru.

Wangeishia hapo, habari ingekuwa fupi. Lakini watu wakishaanza kupatana huona raha, hawajui pa kusimama. Walivunja vile vyoo viwili vya mabati na kujenga kimoja cha mawe, juu kabisa ya mstari wa mpaka, ili kila apitaye barabarani auone umoja. Kilikuwa na milango minane katika safu moja: minne ya wanaume, minne ya wanawake, na katikati chumba cha mtunzaji. Lango moja, njia moja, ua mmoja. Jiwe la mpaka, lenye namba yake, lilibaki chini ya sakafu ya kile chumba cha katikati.

Walipotafuta mtunzaji hawakupata mwingine aliyejua mtaro unakata kona wapi. Bilhah akahamisha sufuria zake, mkeka na biblia, akalala juu ya jiwe la mpaka. Ongeri alipopelekewa habari alijibu kwamba atangoja, kwani kazi za serikali huwa na mwisho.

Siku ya kufungua, Bwana Meja alisema Kaplelmet imekuwa kitu kimoja. Arap Maritim alisema vivyo hivyo kwa Kipsigis, kwa urefu zaidi. Karani Lazarus, Mjaluo wa misheni aliyekuwa mkalimani wa pande zote mbili, alitafsiri mpaka sauti ikakauka. Watu wakapiga makofi, wakatawanyika. Hakuna aliyeingia.

Kesho yake hakuingia mtu, wala kesho kutwa. Asubuhi na jioni Bilhah alifungua mlango wa maji, maji ya bwawa la kiwanda yakapita chini ya milango minane yakinguruma, yakatoka meupe kama yalivyoingia. Alifagia sakafu ambayo haikukanyagwa. Alinyunyiza chokaa mahali pasipo na harufu. Na kila asubuhi, kabla jua halijatoka, aliwaona watu wa laini wakishuka mmoja mmoja kwenye miti ya miwati iliyo juu ya mto, kila mtu na kopo lake, kila mtu akijifanya anatazama hali ya hewa.

Hakuhitaji kuelezwa sababu. Kwa Wakisii na kwa Wajaluo pia, mkwe na mkwe hawashiriki choo. Baba hapiti njia ya choo mbele ya mke wa mwanawe. Mtu akikutana na mama mkwe wake akiwa na kopo mkononi, hata kama ni kwenye lango tu, hiyo ni aibu ambayo zamani ilisafishwa kwa mbuzi. Katika laini za Kaplelmet kila mtu alikuwa mkwe wa mtu. Bilhah mwenyewe binti yake, Gesare, alikuwa ameolewa na Nyakundi, mpasha moto wa kiwanda, katika laini ya pili, na Nyakundi akimwona mama mkwe wake njiani alikuwa anaingia kichakani mpaka apite.

Wakati wa ugomvi wa Kamati na Baraza, mambo haya yalijipanga bila mkutano. Wazee walikwenda choo cha juu, cha Kamati. Waliooa na walioolewa juzi walikwenda cha chini, cha Baraza. Wazungu na wazee wa Baraza, kwa kuchukiana kwao, walikuwa wamewawekea watu heshima miaka yote hiyo bila kujua. Sasa walikuwa wamepatana.

Mwisho wa mwezi wa kwanza tangu kufunguliwa Bwana Afya alikuja na fimbo yenye alama, akafunua tangi, akaichovya kupima tope lililotulia chini. Fimbo ikatoka safi. Alifurahi mno. Alisema kupitia Lazarus kwamba hajaona mtambo unaofanya kazi vizuri namna hii, uchafu wote unayeyuka.

Bilhah aliona haya kwa niaba yake. Akasogea, akamwomba Lazarus amwambie Bwana ukweli: kwamba choo hakitumiwi, na sababu ni ukwe.

Lazarus alifungua kinywa. Wakati huo huo akamwona Celine, mama mkwe wake, amesimama kando ya njia na ungo wa ndizi mbivu, akisikiliza kama watu wengine. Karani akafunga kinywa. Akakohoa. Akamgeukia Bwana Afya na kusema maneno machache ya Kiingereza, na Bwana Afya akamshika Bilhah mkono kwa furaha.

Bilhah alimngoja karani mpaka ndizi zikaondoka.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia watu wanashukuru."

"Lazarus, mwanangu, hilo ndilo nililokuambia useme?"

"Mama, kuna maneno Kiingereza hakina," Lazarus alisema akitazama viatu vyake. "Haya kinayo, lakini mimi sina mdomo wa kuyasemea mbele ya yule mama."

Hakumlaumu. Yeye mwenyewe, kama Nyakundi angekuwa karibu, asingeanza.

Mwezi wa pili watu saba wa laini walishikwa na kuhara, na Bwana Afya akapanda mto kwa miguu kutafuta chanzo. Akafika kwenye miwati. Alirudi kiatu kimoja amekivua, anakibeba kwa kijiti. Sasa aliielewa ile fimbo. Hakuuliza kwa nini, maana kwake jibu lilikuwa moja tu, kwamba watu hawa hawapendi usafi. Akaandika amri: fimbo isipofika alama ya kwanza kufikia mwisho wa mwezi wa tatu, choo kitafungwa kwa kufuli, mtunzaji ataondoka, na mawe yatapelekwa kujenga kituo cha kupimia chai.

Lazarus alimsomea Bilhah amri hiyo mara mbili. Habari kama hizo hazichelewi. Wiki haijaisha, mtu wa Roret aliyepitia Kisii alileta salamu za Ongeri. Ongeri alisema ile nyumba ameiezeka.

Joab, nyapara wa laini, alikuwa mtu wa huruma na wa njia za mkato. Alikuja jioni akasimama mbali na lango, kwa kuwa mke wa mwanawe alikuwa akianika nguo hapo karibu, akamwambia Bilhah kwamba mambo haya ni mepesi. Kampuni ina ng'ombe wa maksai. Ndoo sita za samadi zikimwagwa ndani ya tangi, fimbo itashiba, na Mzungu hatainusa ajue ya nani.

"Fimbo itadanganyika," Bilhah alisema. "Mimi nitalala wapi na uongo huo?"

"Utalala hapa hapa, mama, ndani ya chumba chako. Ndiyo maana ya kudanganya."

Alimshukuru, akakataa. Lakini alikiri baadaye, katika sala zake, kwamba alizihesabu zile ndoo kichwani kabla ya kukataa.

Mkutano wa pamoja wa Kamati na Baraza ulikuwa unafanyika hapo uani kila robo mwaka, chini ya turubai, kukagua kazi. Huu wa mwezi wa tatu ulikuja zikiwa zimebaki siku tisa za amri. Siku tatu kabla yake Bilhah aligundua jambo dogo. Chokaa ya Kamati, iliyokuja katika debe, ilikuwa imekwisha. Chokaa ya Baraza, iliyokuja katika gunia, ilikuwa imebaki nusu. Karatasi ya kazi yake ilisema Kamati italeta chokaa ya milango ya juu na Baraza ya milango ya chini. Siku zote alikuwa ameitii. Mtu mwingine angechota kwenye gunia akamaliza safu. Bilhah aliuona ule mkono wake ndani ya gunia, akauona kuwa ni mkono wa mwizi, akaurudisha.

Kisha akakaa kitako juu ya ndoo, akafikiri kwa muda mrefu kuliko chokaa ilivyostahili.

Siku ya mkutano walikagua, wakasifiana, wakasikitikia ujinga wa watu wa laini. Bwana Meja aliuliza, kwa adabu ya kumaliza, kama mtunzaji ana neno. Bilhah akasimama, mikono mbele.

"Nina swali la chokaa, Bwana. Ya Kamati imekwisha. Nikichukua ya Baraza nikaitia mlango wa Kamati, huo si wizi?"

Lazarus akatafsiri, safari hii neno kwa neno, kwani chokaa haina mkwe. Bwana Meja akacheka, akasema haina shida, ni kitu kimoja. Bilhah akamshukuru. Akasema swali lake limebaki kidogo tu. Milango anaijua, lakini kuta za chumba anacholala nazo zinataka kupakwa, na jiwe la mpaka liko chini ya mkeka wake. Basi chumba ni cha nani, apate kujua achukue chokaa ya nani?

Arap Maritim alimtazama Bilhah, mara moja tu, kama mtu anayetazama ng'ombe ambaye hakujua kama ana maziwa. Naye alikuwa na wakwe. Kisha akajikongoja akasimama, akasema kwamba kwa kuwa mama ameuliza, Baraza lingependa kujua pia.

Bwana Meja akasema chumba bila shaka ni cha Kamati, mafundi walikuwa wa Kamati. Arap Maritim akauliza kama mawe yalijibeba yenyewe. Mhindi wa duka la nguo akasema jiwe la mpaka lina namba ya serikali, si ya Baraza wala ya Kamati, akaambiwa na pande zote mbili anyamaze. Setla mmoja akasema kama ni hivyo, maji ya kusafishia yanatoka juu. Mzee mmoja wa Baraza akasema kama ni hivyo, tangi liko chini, na tangi linaweza kuzibwa. Bwana Afya alipiga meza akisema umoja, umoja, mpaka wino ukamwagika. Saa kumi jioni Kamati ilikuwa imeamua kujenga ukuta upande wake wa jiwe, na Baraza limeamua kujenga ukuta upande wake. Kwa sababu jiwe ni moja, ilionekana kuta hizo mbili ni ukuta mmoja, na hapo tena wakapatana.

Mtaro uliwachukua miezi kumi na minne. Ukuta uliwachukua siku mbili. Bilhah hakupata kuona ushirikiano wa namna ile: mafundi wa juu wakipokezana mawe na vibarua wa chini, hakuna barua, hakuna mkalimani. Ukuta ulipita katikati ya ua, ukagonga chumba cha mtunzaji mbele, ukatokea nyuma, ukaenda mpaka ua wa miti. Kila upande ukafungua lango lake, la juu likitazama barabara, la chini likitazama laini. Kila upande ukaandika upya milango yake minne, miwili ya wanaume, miwili ya wanawake. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kwamba mlango wa mtunzaji unatazama kwa mwenzake, chumba kilitobolewa milango miwili.

Asubuhi ya tatu mke wa Joab alipita na kopo lake, akaingia lango la juu kama mtu aliyelizoea miaka yote. Nyuma yake wakaja wazee wengine. Kufikia saa moja Bilhah alisikia miguu ya vijana upande wa chini. Hakuna aliyetangaza lolote. Bomba chini yao lilikuwa lile lile moja na tangi lile lile moja, uchafu wa wakwe wote ukienda pamoja kwa amani, lakini hilo lilikuwa chini ya ardhi, halikumtia mtu aibu. Yeye mwenyewe alifagia upande wa chini saa ya kazi, Nyakundi akiwa kiwandani, na kwanza aligonga ndoo mara tatu.

Arap Maritim alipita siku moja akielekea Mogogosiek. Alisimama langoni, akauliza kwa Kiswahili cha polepole, "Mama, ile chokaa iliisha kweli?"

"Iliisha kweli, mzee."

"Basi ni vizuri," akasema, akaenda zake.

Siku ya tisa fimbo ilipita alama ya kwanza, ikakaribia ya pili. Bwana Afya aliipangusa kwa majani, akaandika Nairobi kwamba amri kali imewafundisha watu usafi, na kwamba Kaplelmet ni mfano wa serikali mbili kufanya kazi kwa nia moja.

Ongeri, ambaye hakuwa na mtu wa kumwandikia habari hizo, alifika wiki iliyofuata na mwanawe na punda wa kubebea vyombo. Bilhah alimkaribisha kwa heshima yote. Ongeri akasema amesikia choo kinafungwa. Bilhah akasema hakijafungwa, lakini yeye ni mtu wa kuajiriwa. Kama shemeji anataka kumchukua, aombe kwa mwajiri.

Ongeri aliliona hilo ni haki. Akapanda mjini kwa Kamati. Kamati ikamwambia mtunzaji yuko kwenye chumba ambacho umiliki wake unabishaniwa, haiwezi kumwachilia bila sahihi ya Baraza, isije ikaonekana imekubali chumba si chake. Akashuka kwa Baraza. Baraza likamwambia haliwezi kumwachilia bila sahihi ya Kamati, kwa sababu ile ile. Akapanda tena. Siku hiyo Bwana Meja alikuwa amekwenda Kericho kushtaki mambo ya ukuta. Akashuka tena, wazee nao walikuwa wamekwenda Kericho, kwa jambo hilo hilo. Siku ya tatu Ongeri alirudi chumbani kwa Bilhah, akaketi mlangoni, ule wa upande wa Baraza, akanywa maziwa, akanyoosha miguu.

"Bilhah," alisema, "ulikataa kuwa mke wa tatu wa mtu mmoja. Sasa una serikali mbili."

"Hizi hazilali hapa, shemeji."

Ongeri alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, kama ni kweli hataki, au ni mambo ya sahihi tu. Bilhah akamjibu kwamba ni kweli hataki, na kwamba angemwambia hata bila serikali, ila hakuwa na uhakika kama angesikika. Ongeri alikubali kwa kichwa. Alisema ile nyumba ataingiza mbuzi.

Aliondoka mchana, punda mtupu mbele yake. Bilhah alimsindikiza mpaka lango la chini, akarudi, akapita katikati ya chumba chake kutoka Baraza kwenda Kamati, akachukua ufagio wa upande huo. Ilikuwa Ijumaa, na milango yote minane ilitakiwa iwe safi kabla ya jua kuzama na Sabato kuingia.